Sultani Hampishi Mtu

Kuingia kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Bulla Pesa, mjini Isiolo, kulikuwa na namna yake. Unakuja na ndoo ya maji, au gunia la makaa, au mtoto mgongoni, ukifika getini unageuka ubavu, unavuta tumbo ndani, unapita polepole kama barua inayosukumwa chini ya mlango. Sababu ni kwamba katikati ya geti, si pembeni, katikati kabisa, palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa Mama Ploti.

"Mama, songa kidogo tupitishe kitanda," mpangaji mpya alikuwa akisema, maana wapya hawakujua.

"Kitanda hakina ubavu?"

"Kinao, lakini..."

"Basi kipite kwa ubavu. Sultani hampishi mtu."

Na kitanda kilipita kwa ubavu. Makabati nayo yalipita. Siku moja friji ya Habiba wa chumba cha mwisho ilipita juu ya kichwa chake, imebebwa na vijana wawili wanaotetemeka magoti, na yeye chini yake anachagua mawe kwenye mchele kama mtu aliyepitiwa na wingu.

Sultani halikuwa jina la utani. Lilikuwa jina la ukoo wake, na hilo ndilo lilikuwa kiti chake hasa. Kile kigoda kilikuwa cha kukalia tu. Jina lake la kwanza nalijua, lakini sitaliandika. Hata yeye mwenyewe alilitumia hospitalini tu, tena kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa.

Usifikirie alikuwa mtu mkubwa wa mwili. Alikuwa mfupi, mwembamba, na shuka lake lilimzunguka karibu mara mbili. Alivaa soksi moja ya kijani kwenye mguu uliokuwa ukimuuma, na ule mzima aliuacha wazi uone dunia. Lakini akisema "Sultani" alinyoosha shingo, na ungeapa kuna mtu nyuma yake ameshika mwavuli.

Alikuwa na salamu yake. Sisi tuliiita salamu ya kifalme. Mkono wa kulia unapanda juu, wima, kiganja kinajikunja kidogo mwishoni. Wa kushoto unakuja mbele ya uso, umepinda kwenye kiwiko, kama unamkinga mtu jua. Halafu unatikisa kichwa taratibu, huku na huku, na macho umeyafumba nusu.

"Babu yangu alisimama hivi akibariki raia wake," alitufundisha. "Mkono wa juu ni wa Mungu. Wa mbele ni wa watu. Wewe, kiwiko! Unabariki watu ama unafukuza kuku?"

Watoto wote wa ploti tuliijua. Tuliipiga hata shuleni, siku ya gwaride, bendera ikipanda, na mwalimu wa zamu alitazama juu muda mrefu akidhani tumeona ndege.

Sasa, asili ya huo usultani. Hapa lazima niseme kwa upendo kwamba ilitegemea nani ameuliza.

Akiuliza jirani Mwislamu, babu alitoka Unguja, akapanda bara kutafuta pembe za ndovu, akafika Isiolo, akaonja nyama ya ngamia, akasahau bahari. Akiuliza mtu wa kanisa, babu aliteremka kutoka Uhabeshi, kwa damu ya Mfalme Suleimani mwenyewe, kwa njia ya yule malkia wa Sheba. Wauza miraa kutoka mji wa Maua aliwaambia kwamba babu ndiye aliyewaruhusu kushuka mlimani. Na polisi waliopita wakitafuta mtu aliwajibu, "Sisi ni serikali ya zamani. Nyinyi tuliwaachia tu."

Habiba alikuwa Mborana, mama wa watu wazima, na hakupitwa na kitu.

"Salaam aleikum, Mama Ploti. Jana uliniambia Unguja. Leo nimesikia unamwambia pasta Uhabeshi."

"Aleikum salaam. Na wewe umewahi kuona mfalme mwenye nyumba moja?"

"Sisi Waborana hatuna sultani. Tuna Abba Gada, na akitawala miaka nane anaondoka."

"Ndiyo maana mimi siondoki," akasema Mama Ploti, akageuza mchele upande wa pili.

Ukweli ni kwamba alichokijua kwa hakika kilikuwa kidogo. Baba yake alikuwa kibarua wa barabara, akafariki binti yake akiwa mdogo sana. Alimwachia vitu vitatu: jina la Sultani, ile salamu ya mikono, na maneno haya, kwamba babu yako aliitwa Apa Sultani. Mama Ploti alikuwa Mturkana kwa damu, lakini alilelewa mjini na mama wa kambo Mmeru, kwa Kiswahili, na Kiturkana chake kilikuwa cha kusalimia na kutukana tu. Hata hivyo apa alilijua. Apa ni baba. Kwa hivyo Apa Sultani ni Baba Sultani. Na Baba Sultani ni nani kama si mfalme? Hapo hakuhitaji msaada. Mengine yote, bahari na Sheba na mlima wa miraa, aliyajaza mwenyewe, kama mtu aliyeletewa fremu ya dirisha akaijengea nyumba.

Ugatuzi ulipokuja, na Isiolo tukapata gavana na spika na mawaziri na magari meupe yanayofukuzana kwenye lami, yeye hakushangaa hata kidogo. Alituita wapangaji wote uani.

"Nairobi wamegawa serikali," akasema. "Na mimi nagawa."

Habiba akawa waziri wa maji, akavaa ufunguo wa bomba shingoni kwa kamba. Mutuma, bawabu wa usiku kwenye duka la mbao, akawa waziri wa usalama, ingawa mchana kutwa alikuwa amelala na usiku hakuwepo. Mimi nilikuwa nasuka watu nywele kwenye kibanda mbele ya ploti, na kwa kuwa anayesukwa lazima aseme, nilijua ya mji mzima. Nikawa waziri wa nywele na mambo ya nje.

"Na wewe Mama Ploti ni gavana?" Mutuma akauliza.

"Gavana anaomba kura." Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nimeomba nini hapa?"

Lakini huyo sultani ndiye aliyeamka kabla yetu sote kuzibua mtaro, sketi imefungwa magotini, mkono ndani ya maji machafu mpaka kwenye bega. Ukimkuta hapo ukataka kumsaidia alikufukuza. Hakupenda kupigiwa magoti. "Simama, unachafua nguo, na maji hayaji mpaka Jumatatu." Kwa maji alikuwa mchoyo kuliko jangwa. Alisikiliza ndoo ikijaa na alijua kwa sauti umezidisha kikombe. Na kulikuwa na jambo moja tulilomcheka kwa siri: aliogopa ng'ombe. Siku za mnada, wafugaji wakipitisha mifugo kwenda sokoni, alinyakua kigoda, akaingia ndani, akafunga mlango kwa kitasa, na kutoka dirishani ungesikia, "Wamepita? Wote? Hata yule mwenye macho?" Hiyo ndiyo saa pekee geti letu lilikuwa wazi.

Kwa jina, sasa, hakuwa mchoyo hata chembe. Na hapa niwataje akina Sultani mashuhuri, maana yeye asingenisamehe nikiwaruka.

Wa kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, dalali wa mbuzi pale sokoni, Sultani wa Mbuzi. Huyu alivaa koti la suti kwenye jua lote la Isiolo na hakuwahi kumshika mbuzi mkia. Alimwonyesha kwa fimbo, na mbuzi, nasikia, walielewa. Alikuwepo mpwa wao, golikipa, aliyeokoa penalti kwa mgongo. Alikuwa amewageukia mashabiki kuwapigia salamu ya kifalme wakati mpira unapigwa, ukamgonga kati ya mabega, ukatoka nje. Akabebwa juujuu mpaka stendi. Na alikuwepo binamu aliyekwenda Nairobi akarudi na miwani ya jua anaitwa Sullivan. Mama Ploti hakumjibu salamu.

"Shangazi, ni mimi, Sullivan."

"Sullivan hana mtu hapa. Labda jaribu ploti ya pili."

Alisimama getini juani na begi lake la magurudumu mpaka alipolitamka jina lote, kwa sauti, mara ya kwanza akinong'ona na mara ya pili akinyanyua mikono. Ndipo akapita. Kwa ubavu.

Halafu kuna sisi wa kupewa jina. Mutuma aliomba awe Sultani siku za Jumapili tu, maana siku nyingine ana baba yake kule Tigania, na akakubaliwa. Paka wa ploti alipewa. Jogoo wa Habiba alinyimwa, kwa kukosa heshima.

Na mimi. Mama yangu alipanga chumba cha pili kutoka geti, akauza uji, akaugua, akafariki nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Baba sikuwahi kuambiwa. Nikabaki kwenye ploti kama sufuria iliyosahauliwa na mpangaji. Mama Ploti hakusema neno. Alihamisha godoro langu tu, kutoka chumba kile mpaka chake, na njiani akalipiga vumbi. Nilipopelekwa shule, mwalimu akataka majina matatu. Nilikuwa na mawili, Grace Akiru.

"La tatu? Jina la baba?"

"Andika Sultani," akasema Mama Ploti.

"Sultani ni baba yake?"

"Sultani ni jina. Baba ni kitu kingine. Wewe ulitaka jina ama ulitaka baba?"

Mwalimu akaandika. Tukarudi nyumbani kwa miguu, na mimi njia nzima nilitembea katikati ya barabara, sipishi mtu, mpaka bodaboda mmoja akanipigia honi na Mama Ploti akampigia kelele, "Zunguka! Humwoni?" Sikusoma mbali, niliishia njiani. Lakini kila nilipoitwa majina matatu, hata kwenye kliniki, hata kwenye foleni ya unga, nilisimama kama nimeitwa ikulu.

Basi nikapata mchumba. Naye ni Ekai, dereva wa bodaboda, Mturkana wa kijiji cha Leparua, mwenye mwanya wa meno na helmeti mbili, moja yake, moja aliyoninunulia mimi ikiwa na maua. Alinipenda kwenye foleni ya maji, na mimi nikampenda kwenye kona ya msikiti alipofunga breki kumpisha bata. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: saluni yenye vioo viwili, pazia la rangi ya chungwa, watoto wenye mwanya. Kulibaki jambo moja. Wazee wake waje waseme na watu wangu. Na watu wangu walikuwa mtu mmoja, kwenye kigoda. Yeye akikubali, nimeolewa. Yeye akikataa, hakuna mwingine wa kuulizwa chini ya jua.

Walikuja Jumamosi mchana. Ekai, mama yake, na babu mmoja wa Leparua, ndugu wa babu yake, mzee mrefu mwenye unyoya kwenye kofia, fimbo mkononi na kile kigoda kidogo cha Waturkana ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Walipita kwa ubavu. Mzee alicheka akipita, "Hii mlango iko na mama!" Kisha akaweka kigoda chake uani. Mama Ploti akaleta chake. Vigoda viwili vikatazamana. Baraza lote la mawaziri lilikuwa limekaa nyuma yetu, Mutuma ameoga, Habiba na ufunguo wake, golikipa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Habari ya hapa?" akasema mzee.

"Nzuri. Habari ya Leparua?"

"Mvua ilipita mbali, lakini tuliiona." Akakohoa. "Sasa. Hii msichana ni ya watu gani?"

"Ni Sultani."

"Sultani ya wapi?"

Nikaona Habiba anafumba macho. Mama Ploti alimtazama mzee kuanzia unyoya mpaka makubadhi, akitafuta, najua, kama ni mtu wa Unguja ama ni mtu wa Sheba. Hakupata. Ndipo akafanya kitu ambacho hakijawahi kumwangusha.

"Wanangu," akasema. "Muonyesheni."

Tukasimama. Mimi, golikipa, Mutuma ingawa haikuwa Jumapili. Mkono wa kulia juu, wa kushoto mbele, macho nusu, kichwa huku na huku. Na Mama Ploti mwenyewe katikati, soksi ya kijani na yote.

Fimbo ya mzee ilianguka.

"Eeeh!" Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. "Nani alifundisha nyinyi hii pembe?"

"Pembe gani?" akasema Mama Ploti.

"Hii! Moja juu, moja mbele! Hii ni pembe ya Sultani!" Na yeye akanyanyua mikono ileile, vivyo hivyo, kiwiko sawa kabisa, akaanza kurukaruka pale uani kwa miguu miwili, vumbi likapanda. "Mimi nilimuona! Nilikuwa mtoto, nilimuona na hii macho! Mweusi, mgongo nyeupe! Wewe ni mtoto ya Apa Sultani?"

"Mjukuu," akasema Mama Ploti kwa furaha. "Ulimuona babu yangu?"

"Babu yako pia nilimuona. Lakini Sultani! Hakuna ng'ombe kama ile ilizaliwa tena."

"Ng'ombe?" akauliza Habiba. Hata jogoo aligeuza kichwa.

Mzee akaeleza, huku bado anahema, huku anacheka. Kwamba Mturkana mwanamume ana dume moja analolipenda kuliko yote. Analikunja pembe likiwa dogo, analiimbia, akicheza ngoma anainua mikono iwe zile pembe, na watu wanaacha jina lake wanamwita kwa lile dume. Kwamba huyu babu alinunua ndama kwa mfanyabiashara Msomali hapa Isiolo, na Msomali alimwita Sultani kwa sababu ndama huyo akijisikia kulala, analala popote. Akakua. Siku moja akalala katikati ya barabara, pale kwenye kizuizi cha barabara ambapo mifugo ilikaguliwa. Likaja lori la Wazungu, likapiga honi. Sultani akacheua. Likapiga tena. Sultani akafumba macho nusu. Askari akataka kumchapa, na huyu babu akasimama mbele yake akasema chapa mimi. Halafu akamwimbia, mikono juu, mpaka dume lilipotaka lenyewe kusimama. Muda huo wote lori lilingoja.

"Kutoka siku ile watu wote waliita yeye Apa Sultani. Baba ya Sultani!" Mzee akapiga makofi. "Si yeye ndiye Sultani. Sultani ni ng'ombe!"

Golikipa ndiye aliyeanza. Alitoa mlio kwa pua, ndoo ikateleza, akaanguka nayo. Mutuma akafuata. Mama yake Ekai akajificha kwenye leso. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Na mzee alitutazama kwa uso unaong'aa, maana alidhani ametuletea zawadi, na ndivyo ilivyokuwa.

Mama Ploti alikuwa bado na mikono juu. Akaishusha, mmoja halafu mwingine, kama anayeanua nguo.

"Wageni," akasema, "chai imekwisha."

Chai ilikuwa haijaletwa.

Akachukua kigoda, akaingia chumbani, tukasikia kitasa.

Asubuhi geti lilikuwa tupu. Sijui nikueleze vipi. Habiba aliingia na ndoo mbili, moja kwa moja, mabega mapana, akafika katikati ya ua akasimama. "Wallahi," akasema, "nimeingia ploti ya nani?" Muuza maziwa aligeuka ubavu kwa mazoea, akajiona mjinga, akarudi nje akaingia tena. Mitaro ilinuka. Ekai alinipigia simu, akasema babu yake hali chakula, anauliza amekosea nini, alimsifu mtu kwa sifa kubwa kuliko zote anazozijua. Na mimi saluni yangu ya vioo viwili niliiona inafungwa kabla haijafunguliwa.

Nikabisha mlango wa Mama Ploti.

"Nani?"

"Grace Akiru." Nikanyoosha shingo. "Sultani."

Kitasa kikafunguka. Nikaingia.

Alikuwa amekaa kitandani, kigoda miguuni kama mbwa. Nikakaa nyuma yake kitandani, nikamshika kichwa, nikaanza kumfumua nywele bila kuulizwa. Anayesukwa lazima aseme.

"Nimewapa watoto wa watu jina la ng'ombe," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Mwalimu ameliandika."

"Ameliandika."

"Sullivan nilimsimamisha juani."

"Hiyo alistahili."

Mabega yake yakacheza kidogo. Nikaendelea kufumua.

"Na ng'ombe wenyewe nawaogopa, Akiru! Mjukuu wa Sultani nakimbia ng'ombe!" Akafunika uso. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. "Nilikuwa nikikaa pale nasema kuna mfalme nyuma yangu. Kumbe kuna mkia."

Hapo nikasema kitu ambacho sikukipanga. Kilinitoka tu, kama neno la wimbo.

"Mama, kwani wewe ni ploti?"

"Ati nini?"

"Watu wote wanakuita Mama Ploti. Wewe ni ukuta? Una bomba? Una mtaro?"

"Usinichezee, msichana."

"Umeitwa hivyo kwa sababu ya kitu unachokipenda. Unakizibua, unakikalia getini, mtu akitaka kukigusa unasema guseni mimi. Babu yako walimwita vilevile. Baba ya Sultani, Mama ya Ploti. Si ni mlango mmoja huo?"

Akageuza shingo anitazame, nikamrudisha kichwa. Nilikuwa nimeanza kusuka, mistari midogo ya kurudi nyuma, anavyopenda. Kisha nikasikia kicheko kinaanzia chini kabisa, kwenye ile soksi, kikapanda, kikamtikisa mpaka msuko ukanitoka mkononi. Alicheka akapiga godoro. "Alilala barabarani!" akasema. "Lori la Wazungu! Honi! Na yeye..." Akafumba macho nusu akacheua, hivi, mdomo ukizunguka, na tukaanguka wote wawili.

Alipopata pumzi akajifuta kwa ncha ya shuka.

"Mwambie kijana wako babu yake arudi. Nina swali moja."

"Swali gani?"

"Ile pembe ya juu. Ilikuwa ya kulia kweli, ama baba alinifundisha vibaya?"

Walirudi kwa lori. Tulilisikia tangu kona ya soko, likilalama kwenye gia ya kwanza, watoto wakikimbia nyuma yake. Ekai mbele na pikipiki, helmeti ya maua kwenye usukani. Juu ya lori mbuzi wa mahari, na kati ya mbuzi dume changa la ng'ombe, jeusi, mgongo mweupe, pembe zimeshaanza kukunjwa kwa mkono wa mtu, moja juu, moja mbele. Mzee wa Leparua alikuwa amesimama kando yake akilishika nundu.

Katikati ya geti, si pembeni, palikuwa na kigoda.

Dereva alipiga honi. "Mama, songa! Nirudi nyuma niingize ndani!"

Mama Ploti alikuwa amevaa soksi mbili. Aliliona dume, na niliona vidole vyake vinalishika shuka kwa nguvu mpaka vikabadilika rangi. Dume nalo lilimwona. Ni lile lenye macho, hakika. Habiba akaninong'oneza, "Atakimbia." Mutuma tayari alikuwa ameushika mlango wa chumba cha Mama Ploti, amfungulie.

Dereva akapiga honi tena, ndefu.

Mama Ploti akaliachilia shuka. Mkono wa kulia ukapanda juu, wima, kiganja kikajikunja. Wa kushoto ukaja mbele. Kiwiko kilikuwa pale kinapotakiwa. Akamtazama mzee kule juu.

"Kulia?" akauliza.

"Kulia!" mzee akapaza sauti, na uso wake wote ukafunguka. Akalipiga bati la kichwa cha lori kwa fimbo. "Wewe dereva, zima hiyo injini!"

"Mzee, nina kazi nyingine Merti!"

"Zima! Huoni ni nani amekaa?"

Injini ikazimika. Mama Ploti akafumba macho nusu, akaanza kutikisa kichwa taratibu, huku na huku. Mzee akanyanyua mikono yake, akaanza kuimba. Na lori likangoja.